Siku nzima taratibu kwenye boti nyembamba: jinsi ya kuipanga safari ya mifereji ya Uingereza, kuanzia Braunston mpaka Napton

Kama unaishi Uingereza, au una ndugu Leicester, Northampton, Coventry au Birmingham na unaenda kumtembelea kipindi cha joto, basi kuna kitu kizuri sana kiko jirani kabisa na wengi wetu tunakipita tu kwa gari juu ya daraja bila kukiangalia. Ni ile mifereji ya zamani na zile boti ndefu nyembamba zilizopakwa rangi. Unaweza kukodi moja, ukalala humo, ukapika humo, ukaiendesha mwenyewe, na kwa hapa Uingereza huhitaji leseni yoyote ya udereva wa boti, wenye kampuni wanakufundisha siku hiyohiyo unapokabidhiwa halafu wanakuacha uende.

Mifereji yenyewe ilianza kuchimbwa kwa nguvu miaka ya 1760, watu na majembe, kwa ajili ya kubeba makaa ya mawe. Ule wa Bridgewater ulifunguliwa 1761, ukawa unapeleka makaa kutoka Worsley hadi Manchester, na bei ya makaa mjini ikashuka, kila mwenye mgodi na kiwanda naye akataka wake. Leo karibu kilomita 3,200 za njia hizi za maji England na Wales zinatunzwa na shirika la hisani la Canal & River Trust, lililoanza kazi 2012. Boti zina upana wa kama mita 2.1 tu kwa sababu James Brindley, injinia wa kwanza mkubwa wa mifereji, alijenga loki zake (vile vyumba vya maji vyenye malango vya kupandishia na kushushia boti) nyembamba ili kuokoa maji na pesa, na kipimo chake kikabaki mpaka leo. Urefu unafika mita 22. Kwa hiyo unaendesha kitu kirefu kuliko basi, chembamba kuliko chumba, na kinatembea mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Sasa kabla sijaingia kwenye hatua niseme jambo moja ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote: panga safari fupi. Chukua ile unayodhani mnaiweza kwa siku, kata nusu. Wanaorudi wamenuna ni wale waliojipangia kilomita nyingi na loki nyingi, wakawa wanakimbizana na saa mpaka giza, na maji ya mfereji hayakimbiliki, nitaeleza kwa nini huko chini.

Kuchagua kipande cha kwenda

Hesabu iko hivi. Sheria ya mwendo ni maili 4 kwa saa, yaani kama kilomita 6 na nusu, lakini kiukweli ukihesabu kona, madaraja na boti zilizofungwa pembeni utaenda kilomita 4 au 5 kwa saa. Kila loki ongeza dakika 15 mpaka 20, na kama ndo mnajifunza weka nusu saa kwa zile mbili tatu za mwanzo. Siku ya raha ni saa nne au tano za kutembea basi, zilizobaki ni za kula, kulala mchana na kuzunguka vijijini.

Kipande ninachokipenda kwa wageni ni Braunston mpaka Napton. Braunston iko Northamptonshire, ni kijiji kilichokaa juu ya kilima na mnara mrefu wa kanisa unaouona toka mbali, na chini yake mifereji miwili mikubwa inakutana, Grand Union na Oxford. Kutoka kwenye makutano mpaka loki ya kwanza ya Napton ni kama kilomita 11 na hakuna loki hata moja katikati, wala handaki. Hiyo ndo sababu naipendekeza. Asubuhi yote unajifunza kushika usukani tu bila presha, halafu mchana ukishazoea ndo loki zinakuja. Ukielekea upande wa pili kutoka Braunston unakutana na loki 6 na baada yake handaki la zaidi ya kilomita 1.8 la giza tupu, sio mbaya, ila sio pa kuanzia.

Wakati: kuanzia Mei mpaka Septemba. Mwezi Juni jua linazama kama saa tatu na nusu usiku kwa hiyo huna haraka yoyote. Mei vichaka vya pembeni vinajaa maua meupe na vifaranga vya bata viko kila mahali, mwishoni mwa Agosti kuna matunda meusi ya miiba kando ya njia na unachuma bure. Julai na Agosti shule zinafungwa bei inapanda, kama huna watoto wa shule epuka. Baridi mifereji mingi inafungwa kwa vipande kwa ajili ya matengenezo, kwa hiyo angalia kwanza kabla hujalipia chochote.

Vya kubeba

Viatu visivyoteleza, hilo la kwanza, ukingo wa loki ukinyeshewa unakuwa na utando wa kijani unaoteleza vibaya. Koti la mvua hata kama asubuhi jua linawaka. Glavu za kazi za kushikia kamba. Tochi. Vyakula nunua kabla, maana vijijini duka linaweza kuwa dogo sana au halipo. Boti ina jiko la gesi na oveni na friji, kwa hiyo pilau linapikika vizuri tu, ila sufuria za kwenye boti huwa ndogo, mkiwa watu wengi beba la kwenu. Mimi sisafiri bila chupa kubwa ya chai, anayeshika usukani yuko nje muda wote na upepo hata wa Julai unachoma.

Ramani ya mfereji ni lazima, ya kitabu au ya kwenye simu. Kila daraja lina kibao cha namba, na hiyo namba ndo anwani yako. Ukitaka kujua uko wapi unaangalia daraja la mwisho ulilopita, na ikitokea dharura ukapiga 999 unawaambia uko mfereji wa Oxford karibu na daraja namba fulani. Mfundishe kila mtu kwenye boti hili jambo, sio nahodha peke yake.

Na jaketi za kuelea, kampuni zinatoa. Watoto wavae muda wote wakiwa nje, hamna mjadala.

Asubuhi kabla ya kuwasha

Inachukua dakika kumi. Chomoa kijiti cha oili uangalie kiwango, angalia maji ya kupoza injini kama boti yako inahitaji kuangaliwa, zungusha kidogo kile kikopo cha grisi pale shafti inapotoka kwenda kwenye propela, hiyo grisi ndo inazuia maji ya mfereji yasiingie ndani. Angalia ngama, yaani chini kabisa ya boti maji yanapojikusanya, kama kuna maji mengi kuliko jana wapigie wenye boti. Halafu kifuniko kilicho juu ya propela. Ukikifungua unaweza kuingiza mkono mpaka kwenye propela yenyewe na kutoa majani, mifuko ya plastiki, vipande vya nguo, kamba za watu. Kabla ya kuingiza mkono injini iwe imezimwa na ufunguo uwe MFUKONI MWAKO, sio umeuacha kwenye swichi mtu mwingine akaja kuwasha. Ukimaliza kirudishe ukikaze sawasawa, kikibaki wazi ukawasha injini maji yanaweza kujaa nyuma boti ikazama, na zimeshazama boti hivyo.

Washa injini, iache ikiwa nyutro ipate moto wakati mtu anakusanya kamba. Fungua kamba ya omo (mbele ya boti) kwanza, sukuma mbele itoke kidogo kwa mguu ukiwa nchi kavu, halafu ya tezi (nyuma ya boti), panda, na mtu asiruke. Hamna haja ya kuruka kitu kinachotembea taratibu hivyo, na ndo namna watu wanavyovunjika vifundo vya miguu.

Kushika kana

Boti hizi hazina usukani wa duara, zina kana, ile fimbo ya nyuma, kwa hiyo waliokulia pwani wakaona nahodha wa jahazi wataelewa haraka. Ukisukuma kana kushoto boti inaenda kulia, ukisukuma kulia inaenda kushoto. Nusu saa ya kwanza mkono unabishana na kichwa, baada ya hapo inaingia.

Kitu kinachowachanganya watu zaidi ni kwamba boti haigeukii mbele kama gari, inazunguka katikati yake, kama rula uliyoiweka kidole katikati mezani. Omo ikienda kulia, tezi inaenda kushoto, na hiyo tezi ndo itagonga ukuta wa daraja kama hukuiwazia. Kwa hiyo geuza mapema, kidogo, halafu subiri. Boti inachelewa kujibu, sekunde mbili tatu nzima, na mtu asiyejua anaongeza, anaongeza, ghafla inajibu yote kwa pamoja. Ongeza kidogo, subiri, uone. Ukiwa rivasi usukani haufanyi kazi ya maana, unachopata ni breki, basi, na ukitaka kunyoosha boti wakati unarudi nyuma weka gia ya mbele kidogo kwanza.

Unapita kulia. Mkikutana na boti nyingine kila mmoja asogee kulia kwake, mpishane kushoto kwa kushoto, usikimbilie ukingoni mapema sana maana pembeni ni kina kifupi. Mkiwa hamjakutana na mtu kaa katikati, ndo penye maji.

Na hapa ndo nirudi kwenye haraka. Mfereji ni kina kifupi, mahali pengi hata mtu mzima anasimama. Ukikanyaga mafuta propela inafyonza maji ya chini ya boti na hayarudi haraka ya kutosha, tezi inazama chini karibu na tope, injini inapiga kelele na boti haiongezi mwendo wa maana. Unachokiongeza ni mawimbi nyuma yako, na ukiona mawimbi yanavunjika ukingoni ujue umezidisha, yanakula kingo za udongo na kubomoa viota vya ndege. Punguza mpaka maji nyuma yatulie. Mara nyingi utaona mwendo wenyewe haujapungua hata.

Ukizipita boti zilizofungwa punguza kabisa, injini iwe inazunguka kwa kiwango cha chini, na upunguze KABLA hujafika ya kwanza sio ukiwa nayo sambamba. Boti yako inavuta maji yote ya mfereji inapopita, zile zilizofungwa zinavutwa nayo, vigingi vinang'oka. Na humo ndani watu wanaishi, kuna maelfu ya watu ambao nyumba yao ni hiyo boti, mtu anamimina chai au anamwogesha mtoto. Wavuvi nao wana fimbo ndefu zinazofika ng'ambo ya pili, wakikuona watazivuta, wewe pita katikati, taratibu, salamu, endelea. Usisimame.

Toka Braunston

Ukitokea upande wa bandari ndogo ya boti unafika kwenye makutano yenye madaraja mawili ya chuma pacha, rangi nyeusi na nyeupe, ya miaka ya 1800. Kulia ni Rugby na Coventry, kushoto ni Napton na Oxford. Kata kushoto na piga honi ndefu kabla hujageuka maana huoni anayekuja.

Baada ya hapo nyumba zinaisha. Malisho ya kondoo pande zote, na ukiangalia vizuri jua likiwa chini utaona ardhi ina matuta marefu sambamba chini ya nyasi, hayo ni matuta ya wakulima wa zama za kati, walilima na ng'ombe na alama zao hazijafutika. Upande wa Wolfhampcote kanisa limesimama peke yake shambani, kijiji chake kilikwisha karne nyingi zilizopita. Ndege wapo wengi: korongo wa kijivu anasimama kama hajakuona mpaka ukaribie anaruka mita hamsini mbele anasimama tena, na mdiria ukibahatika, rangi ya bluu inapita sekunde moja tu.

Kwenye madaraja ya matofali punguza ukaangalie kona ya ukuta upande wa njia ya miguu. Mengi yamewekewa vyuma pale kwenye kona, na hivyo vyuma vina mifereji midogo iliyochimbika, unaweza kuingiza kidole. Ni kamba. Farasi alikuwa anavuta boti kutoka kwenye hiyo njia, kamba imelowa na imeshika mchanga, ikisugua palepale kila siku, boti kwa boti, miaka zaidi ya mia. Hakuna maelezo ya kitabu yatakayokuonyesha kazi ya wale watu kama hicho chuma, kwa hiyo mkifika mahali pa kusimama shukeni mkakiguse.

Hizi kilomita 8 za kwanza mifereji yote miwili inatumia njia moja, na zamani kampuni ya Oxford ilikuwa inawatoza wenzao ushuru mkubwa kuzipita tu. Ukifika makutano ya Napton usikate kwenda Warwick na Birmingham, nyoosha kwa Oxford. Hapo utaanza kuona kinu cha upepo juu ya kilima cha Napton, na kwa sababu mfereji unakizunguka kilima kitatokea upande huu, baadaye upande ule. Ndo tabia ya mfereji huu wa kusini. Brindley aliupima kufuata usawa wa ardhi ili asijenge loki wala kuchimba milima, akafariki 1772 kabla haujaisha, na ulifika Oxford 1790. Upande wa kaskazini walikuja kuunyoosha baadaye, huku kusini wameuacha na kona zake.

Mchana

Ukitoka Braunston saa tatu na nusu asubuhi utafika chini ya loki za Napton kama saa sita na nusu. Fungeni boti mkale. Kuna baa ya kijijini palepale karibu na loki ya chini, na kwa wale wasiokunywa pombe hakuna anayekushangaa hata kidogo, unaingia, unaagiza chakula na juisi kwenye kaunta, familia zimejaa. Ila jikoni kwa baa nyingi za vijijini mchana panafungwa mapema, ukifika saa tisa umekosa. Na anayeshika kana asinywe, mchana kuna loki.

Kufunga boti: usifunge kwenye kona, chini ya daraja, kwenye sehemu pana iliyotengwa ya kugeuzia boti, wala pale mbele ya loki ambapo ni pa kushushia watu tu. Kwenye bomba la maji funga wakati unajaza, ukimaliza toka. Kwingine kando ya njia ya miguu ruhusa kwa kawaida ni mpaka siku 14 isipokuwa kibao kiseme vingine. Kama kuna pete za chuma tumia hizo, kama ukingo ni wa mabati ya chuma kuna ndoano maalum za kuchomeka, kama ni udongo mtupu unapiga vigingi kwa nyundo, ukiviinamisha kidogo upande usio wa boti, na uweke kitu cheupe juu yake wapita njia na baiskeli wasijikwae.

Loki

Napton zipo 7 mfululizo, halafu nyingine 2 mbele kidogo Marston Doles, jumla 9. Zina namba, 8 mpaka 16, za mwanzo ziko huko Hillmorton na Hawkesbury. Kwa mwelekeo huu zote ni za kupanda.

Loki ni chumba cha maji chenye malango makubwa chini na juu, na chini ya maji kuna vilango vidogo unavyofungua kwa hendeli ya chuma yenye umbo la L. Maji hayasukumwi na injini yoyote, yanashuka yenyewe kwa uzito wake. Kila mnachotakiwa kufanya ni kusawazisha maji ya ndani na ya upande mnaotaka kwenda.

Kupanda:

1. Shusha watu wawili chini ya loki wakiwa na hendeli. Angalia kwanza kama kuna boti inakuja kutoka juu na loki imejaa, kama ipo mwache apite. Kila loki moja inamwaga zaidi ya lita laki moja, usiimwage tupu wakati mwenzako angeshuka nayo.

2. Kama imejaa na hamna mtu, hakikisha lango la juu na vilango vyake vimefungwa, fungua vilango vya chini, itoke maji. Yakiwa sawa lango linafunguka. Kama halifunguki ni kwamba bado, hata yakizidi kidogo tu hamtaliweza, msilazimishe. Unasukuma ile boriti ndefu kwa mgongo, na chini utaona safu ya matofali yaliyoinuka kwenye nusu duara, hayo ni ya kukanyagia ili usiteleze.

3. Boti iingie polepole sana, upana wa loki ni kama wa boti yenyewe na kiganja. Funga lango la chini, shusha vilango vya chini vyote.

4. Fungua kilango cha juu NUSU. Subiri. Maji yanavutavuta boti mbele na nyuma. Anayefungua amwangalie nahodha muda wote, na mkubaliane ishara kabla, mkono juu maana yake funga haraka, kwa sababu kelele ya maji inafunika sauti. Angalia omo isinase chini ya kitu chochote kwenye lango au ukuta. Ikitulia fungua zaidi.

5. Imejaa, lango la juu linafunguka, boti inatoka, mnafunga lango, mnashusha vilango vyote. Vishusheni kwa kuzungusha, msiviachie vianguke. Na hendeli isibaki imening'inia kwenye mhimili hata sekunde, kile kikwamishi cha meno kikiteleza hendeli inazunguka kwa kasi ya kuvunja mkono au meno.

Kushuka ni hayohayo kinyume, ila kuna hatari moja ambayo naomba uisome mara mbili. Chini ya lango la juu kuna kizingiti cha zege au mawe, kikubwa, kilichofichwa na maji. Boti ikiwa nyuma sana maji yakishuka, tezi inakaa juu ya kizingiti, mbele inaendelea kushuka, na boti inajaa maji kwa dakika chache. Ukutani kuna mstari mweupe unaoonyesha kinapoishia. Tezi iwe mbele ya mstari huo muda wote. Na kamba usiifunge fundo ndani ya loki ukishuka, izungushe tu kwenye nguzo uiachie taratibu, ikifungwa boti inaning'inia. Ukiona chochote kimenasa, fungeni vilango kwanza, maulizo baadaye.

Msimu wa kiangazi mara nyingi utakuta wazee wa kujitolea wa Canal & River Trust kwenye loki, wamevaa jaketi za kuelea. Waambie wazi kwamba ni mara yenu ya kwanza. Wanapenda kufundisha, na hata hivyo nahodha wa boti ni wewe, wakitaka kwenda haraka kuliko unavyotaka waambie wasubiri.

Watoto wadogo wasikimbie ukingoni. Watu wazima wasiruke kutoka lango moja kwenda jingine.

Mambo yakiharibika

Boti ikikwama kwenye tope usiongeze mafuta mbele, unajichimbia. Rivasi kidogo, watu wote wahamie upande wenye kina, halafu upondo, ile fito ya kusukumia. Boti zote zinabeba upondo mrefu juu ya paa, sukumia chini au ukingoni, taratibu itatoka.

Usizuie boti isigonge kwa mguu au mkono. Ina tani 15 au zaidi, iache igonge, imetengenezwa kwa chuma, mguu wako haujatengenezwa kwa chuma.

Mtu akianguka majini: injini nyutro mara moja au uizime, usirudi rivasi kumfuata maana propela iko nyuma. Mwambie asimame. Mara nyingi maji ni ya kiunoni. Mtoe, mkaushe, na avunje safari kama ana jeraha lolote lililoingia maji ya mfereji, aoge na kuosha jeraha vizuri.

Jioni

Ukimaliza zile 7 ni kama saa kumi. Hapo una hiari, kufunga palepale kati ya mashamba kabla ya Marston Doles, au kumalizia zile mbili. Mimi nasema fungeni. Tembeeni mpaka kijijini Napton juu kwenye kinu, mandhari yake ni makubwa.

Ukizima injini zungusha tena kile kikopo cha grisi mpaka kiwe kigumu kidogo. Taa na friji vinatumia betri na betri inachajiwa na injini wakati mnatembea, kwa hiyo msiache kila kitu kinawaka. Karibu na boti za wengine injini haitakiwi kuwaka kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi. Maji jaza kila siku ukipita bomba. Choo cha kaseti kina sehemu yake maalum ya kumwagia, iko kwenye ramani, kamwe sio mferejini na sio porini.

La mwisho na nalisema kwa uzito: hewa ya sumu. Boti ni kibomba cha chuma kilichofungwa, usizibe matundu ya hewa hata kama usiku kuna baridi, jaribu kengele ya hewa ya sumu kwa kubonyeza kitufe kabla ya kulala, na jiko la mkaa la kuchomea nyama lisiingie ndani hata likiwa limeshazimika machoni, majivu yake yanaendelea kutoa sumu masaa mengi. Sisi tunaijua hii habari ya jiko la mkaa chumbani, na chumba cha boti ni kidogo zaidi.

Kesho yake mkiwa na muda endeleeni, baada ya Marston Doles kuna kama kilomita 18 za juu kabisa bila loki hata moja mpaka Claydon, kona tupu, na Fenny Compton katikati kwa kulala. Kama boti inatakiwa kurudi geukeni kwenye sehemu ya kugeuzia iliyo karibu, omo ndani ya ile nafasi pana, mbele kidogo, nyuma kidogo, upepo ukiwepo uachieni usaidie kusukuma. Kampuni nyingi zinataka boti asubuhi saa tatu, kwa hiyo usiku wa mwisho laleni umbali usiozidi saa moja kutoka bandarini kwao, na vyombo vioshwe usiku huohuo.